Siku Saba za Mbalamwezi

Mwamgongo
Ijumaa, 20 Oktoba 2023
Asubuhi ukungu juu ya milima, ziwa limetulia, hakuna upepo.

Dada Lulu,

Salaam. Nahodha Telesphory alinikabidhi mfuko wako jana saa nane mchana. Nimehesabu madodoso: sitini, kama ulivyoandika juu ya bahasha. Matatu yalikuwa yamelowa pembeni, nimeyaanika. Kalamu nne zimefika, moja haiandiki.

Pole na mguu. Ulipanga kuja huku mwenyewe, na sasa umekaa Kasingirima kwa bibi yako na plasta hadi gotini, na mimi uliyenifundisha siku mbili tu ndiye nitakayebisha hodi kwenye milango ya watu. Tangu radi ipige mnara wetu simu ni za kuchezea watoto, kwa hiyo tutaandikiana hivi hivi, boti ikienda Kibirizi na boti ikirudi. Barua zangu naziandika jioni na kuzifunga asubuhi. Naanza na hali ya hewa na kumaliza na saa niliyolala. Ni mazoea ya daftari langu, usinicheke.

Nimeyasoma maswali yote ishirini na mbili kwa sauti, peke yangu, kama ulivyoagiza. Nina jambo moja tu. Swali la sita linauliza mkuu wa kaya yuko wapi kwa sasa, na majibu ni manne: yupo nyumbani, amesafiri, amefariki, wametengana. Hapa kijijini kuna nyumba ambazo hakuna hata moja kati ya hayo linalozifaa. Je, naruhusiwa kuandika maelezo pembeni?

Mengine yote yako wazi.

Yunisi

Asubuhi: nililala saa tisa usiku.


Kasingirima, Ujiji
24 Oktoba 2023

Dada Yunisi,

Shikamoo. Bibi Mwanamvua anakusalimu na amekutumia kipande cha sabuni, kipo ndani ya mfuko.

Tafadhali usiandike chochote pembeni. Najua unataka kusaidia, lakini dodoso ni kama kibaba cha sokoni. Ukimpimia huyu kwa kibaba kikubwa na yule kwa kidogo, hujapima, umependelea. Kila mtu aulizwe maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule. Mdadisi hasahihishi, haelezi, hashauri. Anauliza na kuandika. Asiyejibu swali la sita, weka 99, maana yake hakujibu, kisha uendelee.

Maswali haya nimeyaandika upya mara saba. Msimamizi wangu, Dokta Nehemia, ameyapitisha, na kamati ya chuo imegonga muhuri. Nimeyajaribu pia kwa kaya kumi na zote ziliyaelewa bila shida.

La muhimu kuliko yote ni la kumi na moja: katika siku saba zilizopita, mwanakaya anayevua alikwenda ziwani siku ngapi? Utafiti wangu wote umesimama hapo. Ndilo litakaloniambia kama kaya inayokwenda ziwani zaidi ndiyo inayokula vizuri zaidi. Hilo lisipotee hata kwenye dodoso moja. Nimechoka, dada yangu. Huu ni mwaka wa tatu wa shahada iliyopaswa kuchukua miwili.

Na wewe, shemeji akiwa kazini huko Kalemie, Kongo, nani anakusaidia nyumbani? Mbona unalala saa tisa?

Lulu


Mwamgongo
Ijumaa, 3 Novemba 2023
Asubuhi ngurumo upande wa Kongo, mvua haikufika.

Dada Lulu,

Nimemaliza. Sitini kwa sitini, siku nne, kuanzia Jumanne. Nyumba za huku umeziona kwenye picha, zimepandana mlimani kama ngazi. Magoti yangu yamezihesabu moja moja.

Watu wamenipokea. Mzee Selestini, yule anayevua mchana kwa ndoana, alinikalisha nje na kuniuliza kama nimetumwa na serikali. Nikamwambia ni chuo. Akasema, "Mwaka wa tatu huu mnakuja kuniuliza nina kuku wangapi. Kuku wenyewe wamekufa kwa kuulizwa." Baadaye alijibu yote, na akaniongezea majibu ya jirani yake, ambayo sikuyaandika.

Swali la kumi na moja nimelilinda kama ulivyoagiza. Watu wengi walicheka. Mmoja alisema siku saba hizi amelala mpaka mgongo unamuuma. Mke wa mwingine akasema heri niwaulize wake zao, maana mume wake wiki nzima amegombana na kila sufuria iliyomo ndani. Sikucheka nao wala sikueleza. Nimeandika walichosema.

Swali la sita nyumba nne nimeweka 99. Eufrasia alikuwa anachekecha unga wa muhogo. Nilipomsomea yale majibu manne hakuinua kichwa. Akasema, "Weka unalolijua, Yunisi. Si wewe ndiye unayejua?" Nikaweka 99 nikaendelea na la saba.

Uliuliza kwa nini nachelewa kulala. Nyumba yetu iko karibu na mwalo, kelele za wavuvi hazinipi usingizi.

Mfuko nimeuvika nailoni mbili. Ukishasoma, niambie kama nimefanya vizuri. Ulisema chuo kinachukua wadadisi wengine mwezi wa pili kwa ule utafiti mkubwa wa vijiji vya kaskazini, Kagunga mpaka huku. Ningependa jina langu liwemo.

Yunisi

Asubuhi: nililala saa tatu usiku.


Kasingirima, Ujiji
9 Novemba 2023

Dada Yunisi,

Madodoso yamefika. Nimeyaingiza yote kwenye kompyuta kwa siku mbili, kisha nikamtumia Dokta Nehemia, naye amenipigia simu usiku.

Swali la kumi na moja lina majibu hamsini na sita yanayofanana. Sifuri. Kaya tatu ni za kilimo, halizihusu. Moja tu imeandikwa sita, ya Mzee Selestini. Dokta anasema haiwezekani kijiji cha wavuvi kikae wiki nzima bila kwenda ziwani. Anasema ameyaona haya kwa miaka ishirini: mdadisi anachoka, anakaa mezani kwake, anajaza kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, na akiwa mwerevu anaweka jibu moja tofauti ili lisionekane.

Anataka niyatupe yote sitini na nitafute mtu mwingine. Jina lako ataliweka kwenye orodha ya wadadisi ambao idara haitawatumia tena.

Nimekutetea kadiri nilivyoweza. Niambie ukweli, hata kama ni mbaya. Ulikwenda nyumba kwa nyumba?

Lulu


Mwamgongo
Jumamosi, 11 Novemba 2023
Asubuhi mawingu mazito, mawimbi madogo.

Dada Lulu,

Barua yako ya mara hii haina shikamoo. Nimeiona.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba.

Siku zile ulikuwa mwezi mkubwa. Dagaa wanafuata taa, na mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima ni taa, hawakusanyiki. Mitumbwi inavutwa juu ya mchanga, watu wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na sufuria. Mwezi ukipungua wanarudi ziwani. Ndivyo ilivyo kila mwezi tangu nizaliwe. Mzee Selestini anavua mchana kwa ndoana, mwezi haumhusu, ndiyo maana ana sita.

Sikukwambia kwa sababu wewe ni mtoto wa Ujiji. Nilidhani unajua, na kwamba umechagua wiki ile kwa sababu zako za kitaalamu. Tena uliniambia mdadisi haelezi wala hashauri.

Yunisi

Asubuhi: nililala saa tisa na nusu.


Kasingirima, Ujiji
14 Novemba 2023

Dada yangu Yunisi,

Shikamoo. Shikamoo na ile niliyokunyima.

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya bibi. Aliweka kikombe chini. "Mjukuu wangu," akasema, "umesoma mpaka mwezi umekupotea? Mbalamwezi dagaa mbichi sokoni hakuna. Ungeniuliza mimi niliyeko jikoni." Mimi nimekulia kwenye duka la vitambaa la babu, dada. Dagaa nilikuwa nawaona kwenye sahani.

Kuna jambo nililokuficha. Zile kaya kumi nilizozifanyia majaribio ni majirani wa hapa hapa Kasingirima. Mshona nguo, muuza mkaa, mwalimu wa madrasa. Niliona uvivu wa boti, na hapo hata mguu ulikuwa mzima. Walilielewa swali, ni kweli. Hakuna aliyekuwa mvuvi wa kuniambia kwamba siku saba si kipimo cha kazi ile. Kosa ni la dodoso, na dodoso ni langu.

Nimemweleza Dokta Nehemia. Hakukataa, ila amesema maelezo yanayokuja baada ya tuhuma hata mwizi anayo. Anataka kitu kilichoandikwa siku zile zile, usiku kwa usiku, kabla hujajua kama utaulizwa. Nilidhani daftari la mwalo litatosha, lakini Telesphory ananiambia lile linajumlisha kwa mwezi tu. Nimepewa mpaka tarehe ishirini na tano. Baada ya hapo orodha inakwenda na jina lako, na mimi naanza upya au naacha.

Kuna mtu yeyote huko anayeandika?

Mdogo wako,
Lulu


Mwamgongo
Ijumaa, 17 Novemba 2023
Asubuhi jua kali, anga safi, milima ya Kongo inaonekana.

Mdogo wangu Lulu,

Barua yako nimekaa nayo siku mbili. Telesphory ameniuliza mara mbili kama nina mzigo nikamwambia bado.

Kuna mtu anayeandika. Ni mimi.

Nilipokuwa kwenye mafunzo yako ulitupitia mmoja mmoja ukiuliza habari za nyumbani, nikakwambia mume wangu Bariki yuko Kalemie kwa kazi. Si kweli, au sijui kama ni kweli. Usiku wa tarehe 22 Machi 2020, giza la siku zisizo na mwezi, zilitoka taa za mitumbwi arobaini na moja. Asubuhi zilirudi arobaini. Mtumbwi ule mmoja ulikuwa na Bariki na wenzake wanne. Hatukuona mbao wala jezi yake ya njano. Wiki ya tatu mtu wa Kagunga akasema amesikia kuna watu wameokolewa upande wa Kongo. Neno hilo ndilo nililolishika. Ukiniuliza, nasema Kalemie.

Zile nyumba nne za 99 ni za wenzake. Ya tano ingekuwa ya kwangu, ila mdadisi hajihoji. Eufrasia alisema kweli, mimi najua. Amefariki siwezi kumwandikia mwenzangu wakati kwangu sijaandika. Na amesafiri ni uongo ninaousema mimi, sikutaka kumwandikia mtu mwingine.

Tangu usiku ule nahesabu. Jioni nakaa mlangoni nahesabu taa zinazotoka. Nakaa mpaka saa tisa kuona kama zote zingali zinaonekana, nalala kidogo, alfajiri nahesabu wanaoshusha dagaa. Mbalamwezi hakuna wa kuhesabiwa, kwa hiyo nalala saa tatu kama watu. Hakuna kelele za wavuvi. Nilikudanganya na hilo pia.

Kila ukurasa una pande mbili. Upande wa kulia ni mwezi, zilizotoka, zilizorudi, saa niliyolala. Uone:

23/10. Mwezi unakua. Zimetoka 9, zimerudi 9. Saa 9.
24/10. Mwezi. Zimetoka 0. Saa 3.
28/10. Mwezi umejaa. Zimetoka 0. Saa 3.
3/11. Mwezi. Zimetoka 0. Saa 3.
4/11. Unachelewa kutoka. Zimetoka 22, zimerudi 22. Saa 9.

Ningeweza kukunakilia, lakini Dokta wako atasema nimeandika jana. Kwa hiyo nakutumia daftari lenyewe, la mwaka huu. Limo kwenye nailoni, na nailoni imo kwenye kitenge. Telesphory ameapa halitatoka mkononi mwake mpaka kwa bibi yako.

Upande wa kushoto ni maneno yangu. Nakuomba usiusome.

Sijawahi kulala bila daftari miaka yote hii. Leo nitahesabu kwa kichwa.

Yunisi

Asubuhi: nililala saa tisa. 38 na 38.


Kasingirima, Ujiji
28 Novemba 2023

Dada Yunisi,

Shikamoo.

Nilifunika upande wa kushoto kwa karatasi ngumu, ukurasa kwa ukurasa, nikapiga picha upande wa kulia peke yake, kuanzia Januari mpaka Novemba. Picha mia moja na sitini. Bibi alishika karatasi, mimi nikashika simu, tukamaliza Magharibi. Nilizituma tarehe ishirini na tatu.

Dokta Nehemia alizipitia siku mbili nzima. Kisha akaandika ujumbe mmoja: "Nani anahesabu hivi, na kwa nini?" Nikamjibu kwamba ni mdadisi wangu, na sababu ni yake mwenyewe. Akanipigia. Hakuomba radhi, si mtu wa hivyo, ila sauti yake ilikuwa imechoka. Alisema jina lako halipo tena kwenye ile orodha, lipo kwenye orodha ya mwezi wa pili, na kwamba madodoso yale sitini yahifadhiwe kama yalivyo, kwa sababu ni majibu sahihi ya swali bovu.

Basi nimeandika tena. Mara ya nane. La kumi na moja sasa ni mawili: katika giza lililopita, mwanakaya anayevua alikwenda ziwani mara ngapi? Na katika mbalamwezi iliyopita, mara ngapi? La sita nimeliongezea jibu la tano. Niliandika "amepotea" nikafuta, nikaandika "hajulikani alipo" nikafuta. Nimeacha "hajarudi kutoka ziwani". Kama si neno la kwenu, likate uandike lenu. Mara hii pembeni ni pako.

Nakutumia madodoso kumi tu ya majaribio. Nenda nayo kwa wavuvi wenyewe.

Nina la kukiri. Ukurasa mmoja, wa Julai, karatasi iliteleza na nikaona mstari kabla bibi hajairudisha. "Mama mkwe ameuliza tena lini tutaweka matanga. Nimemwambia bado." Sikusoma zaidi ya hapo. Nisamehe.

Daftari lako limo ndani ya kitenge kile kile.

Lulu


Mwamgongo
Jumatano, 6 Desemba 2023
Asubuhi mvua ndogo, ikakatika saa tatu, upepo wa kusini.

Mdogo wangu Lulu,

Daftari limefika kavu. Mwambie bibi sabuni yake imenifikisha mpaka leo.

Majaribio nimeyafanya kwa kaya tisa. La kumi na moja hakuna aliyecheka. Wanakaa wanahesabu vidole, giza lile nilitoka mara kumi na nne, hapana, kumi na tano, siku ya ubatizo wa mtoto sikwenda. Mzee Selestini amelalamika kwamba sasa maswali yana akili na yeye hana la kusema. Kisha akasema ndoana hazina giza wala mbalamwezi, tumtafutie swali lake. Nimeliandika pembeni.

La sita niliwaendea kwanza wale wanne. Neno lako ni la kwetu, usilikate. Watatu waliliweka alama. Kwa Eufrasia nilisoma majibu yote matano, na nilipofika la tano akaacha kuanika dagaa.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Hapo. Hapo ndipo alipo." Akafuta mikono. "Na wewe umeweka wapi?"

Nikamwambia mdadisi hajihoji.

"Yunisi," akasema, "miaka mitatu na zaidi unatuhesabia waume zetu. Ni nani amekuhesabia wako?"

Nilibakiwa na dodoso moja, la kumi. Nimelijaza leo jioni, mezani kwangu, kwa mwandiko wangu na kalamu yangu, na huyo Dokta aseme atakalo. Maswali matano ya kwanza nimeyajibu upesi. La sita nilijisomea kwa sauti, kama ulivyotufundisha, neno kwa neno, bila kuongeza. Nilidhani nitaweka tano. Nilikuwa na hakika, maana jibu lile limeandikwa kwa ajili yangu. Lakini lilipokuwa mbele yangu, limechapwa, halali, la kuchagua kama mengine, nikaona kwamba ni la Eufrasia. Yeye bado anamsubiri wake. Mimi nilikuwa nahesabu tu.

Nimeweka tatu. Amefariki.

Kisha nikaendelea na la saba.

Nimekwenda kwa mama mkwe kabla ya chakula. Hakulia. Alisema muhogo wa matanga alikwishautenga tangu mwaka jana. Tutakaa Jumamosi ya tarehe 16. Kama plasta itakuwa imetoka na bibi akikuruhusu kupanda boti, karibu. Usije na dodoso.

Ni giza sasa, taa zinatoka. Daftari nimelifungua, nimeandika tarehe na mvua ya asubuhi. Upande wa kulia nimeuacha wazi.

Dada yako,
Yunisi

Asubuhi: nililala saa tatu na robo.